Katuni za Shule kwa Mama Mkwe

Mtu akiingia kwa duka langu kutafuta filamu ya kuchekesha, swali langu la kwanza lilikuwa moja tu: "Unacheka maneno, ama unacheka kuanguka?"

Wengi walifikiria nawatania. Lakini hao ni watu wawili tofauti kabisa. Mtu wa maneno ukimwekea jamaa anateleza kwa sabuni, ataangalia saa. Na mtu wa kuanguka ukimwekea watu wameketi wanabishana, atalala kabla hawajamaliza kusalimiana. Ukikosea hapo, umepoteza mteja.

Mukhisa alikuwa wa kuanguka. Alikuwa karani wa kupima mahindi kwa stoo moja hapa Kitale, mtu mpole, mrefu, anaongea kama anaogopa kuamsha mtoto. Lakini muonyeshe mtu amebeba ngazi anageuka na kugonga mwenzake, Mukhisa anashika ukuta. Kila Ijumaa alikuwa anakuja kwangu, mlango wa tatu kutoka msikitini, anachukua CD moja, anarudisha Jumatatu na tumbo bado linamuuma.

Halafu Aprili ya 2006 akapotea wiki mbili. Siku aliyorudi, kulikuwa na mvua, na hakusimama kwa shelfu yake ya kawaida. Alikuja mpaka kaunta.

"Salman, nataka kitu cha kuchekesha mtu mzima."

"Mzima kiasi gani?"

"Miaka sitini na tatu."

"Mwanaume?"

Akaangalia nyuma, mlangoni, kama mtu anataka kuuliza bei ya bangi. "Mama mkwe," akasema.

Nikazima redio niliyokuwa natengeneza.

Mama mkwe wake, Mama Wepukhulu, alikuwa ametoka Kabuchai, huko Bungoma. Alikuwa anafukuza ng'ombe wake watoke kwa miwa ya jirani, akateleza kwa matope, mguu ukavunjika mahali pawili. Wakamleta Kitale, wakamfunga plasta, na daktari akasema wiki sita. Akae karibu, kila Jumanne aonekane kliniki, na huo mguu usikanyage chini.

"Sasa shida ni nini?" nikauliza.

"Shida anataka kwenda nyumbani. Kila asubuhi anamwambia mke wangu, Nekoye, ampakie nguo. Na akirudi Kabuchai, Salman, siku ya pili utampata kwa ng'ombe. Namjua. Daktari amesema mfupa ukisonga saa hii, watapasua tena, na hata wakipasua hawezi ahidi atatembea sawa."

"Mwambie hivyo."

Mukhisa akaniangalia kwa huruma. "Mimi nimwambie? Saa ngapi? Nikiwa wapi?"

Hapo nikakumbuka. Kwa Wabukusu, mwanaume na mama mkwe wake hawashikani mkono, hawali pamoja, hawakai chumba kimoja. Si eti wanachukiana. Ni heshima, tena ile kubwa. Na nyumba ya Mukhisa ilikuwa vyumba viwili: sebule na chumba cha kulala, na jikoni ndogo huko nyuma. Mama mkwe hawezi kuingia chumba anacholala binti yake na bwana yake, hiyo hata usiseme kwa sauti. Kwa hivyo kitanda chake kiliwekwa sebuleni. Ikabidi Mukhisa aingie kwake na mlango wa nyuma, ale jikoni, alale, aondoke na mlango wa nyuma. Televisheni ilikuwa sebuleni.

"Tangu tarehe mbili sijaona mtu akianguka," akasema, na sauti yake ilikuwa ya mtu amefiwa.

"Na yeye anaangalia nini?"

"Hakuna. Anakaa tu akiangalia dirisha. Nekoye anasema amecheka mara moja, siku jirani aliteleza na karai ya nguo."

"Ala! Ni wa kuanguka kama wewe!"

"Ndio nimekuja. Akipata kitu cha kumshika, labda atasahau mambo ya kupakia nguo."

Nikaanza kuangalia shelfu. Filamu za Nigeria nikaziruka, hizo zingemliza. Zile za zamani zisizo na rangi, watu wanatembea mbio mbio na kofia, Nekoye alikuwa amejaribu moja. Mama aliuliza kama hao watu bado wako hai. Alipoambiwa walikufa kitambo, akakataa, akasema yeye hawezi cheka marehemu. Vichekesho vya hapa kwetu navyo, karibu kila kimoja kilikuwa na mama mkwe mbaya anayefukuzwa na mwiko. Huwezi wekea mgeni hiyo.

Nikachukua CD kutoka shelfu ya chini.

"Katuni," nikasema. "Za Wajapani. Za shule."

"Zile za Wachina wako na macho kama sahani?"

"Wajapani, bana."

"Salman, mama alipika kwa shule ya msingi miaka ishirini na sita. Si ameona shule ya kutosha?"

"Ndio maana nakupa hii."

Mimi nilikuwa nimeangalia hizo katuni nyingi, kwa sababu vijana wa sekondari walikuwa wanaziuliza na sipendi kukodisha kitu sijui kina nini ndani. Na kitu nilichoona ni hiki. Hao watoto wa Japani wanavaa yunifomu. Mwalimu akiingia wanasimama wanamsalimia pamoja. Kuna kengele, kuna kiranja mwenye kujifanya, na jioni wanafunzi wenyewe wanashika ufagio wanafagia darasa. Ukikosa, unatolewa nje unasimama kwa veranda. Toa ile rangi ya nywele, hiyo ni shule ya Kabuchai.

Lakini si zote. Kuna zile watoto wanakaa kwa dawati wakiongea tu, maneno mbio, na maandishi ya Kiingereza yanapita hapo chini kabla hujavaa miwani. Hizo ni za mtu wa maneno. Kuna zingine sketi za wasichana ni fupi mpaka mama angeuliza kama kitambaa kiliwaishia. Hizo hata mimi nilikuwa naficha. Kwa hivyo nilikuwa na njia yangu ya kupima. Naweka CD, nazima sauti.

Nikamwekea Mukhisa hapo hapo dukani. Ilikuwa ya mwalimu mmoja wa hesabu, mkali, mwenye kurusha chaki. Kila akirusha chaki kwa mwanafunzi anayesinzia, inagonga kitu, inarudi, inampata yeye. Inagonga kengele, inampata. Inagonga beseni, beseni inaanguka kwa kichwa chake. Hakukuwa na sauti hata kidogo, mvua tu kwa mabati. Mukhisa alishika kaunta. Halafu akashika fundi viatu aliyekuwa amekuja kujikinga mvua.

"Peleka," nikamwambia. "Lakini moja tu. Ikiisha urudi."

Siku mbili baadaye alikuja Nekoye mwenyewe, na mwavuli na uso wa mtu amelala vizuri.

"Baba Sharifo," akasema, maana watu wananiita kwa jina la binti yangu, "hiyo kitu ulitupea ni ya ajabu. Mama alianza akasema hataki katuni, yeye si mtoto. Halafu akaona wanafunzi wamesimama kusalimia mwalimu. Akasema, 'Hawa wamelelewa.' Halafu akaona wanafagia. Akasema, 'Mwone huyo, anafagia juu juu, uchafu anaacha kwa kona.' Halafu ile beseni ikaanguka."

"Akacheka?"

"Alicheka mpaka nikashika plasta isigonge meza. Na leo asubuhi hajasema kupakia nguo. Ameuliza tu huyo mwalimu atapona lini."

Nikampa CD ya pili. Kwa hesabu yangu, kama mama alikuwa anamaliza moja kwa siku mbili, mimi nilikuwa na za kutosha wiki moja. Wiki nne zilikuwa zimebaki.

Alhamisi nikaenda Bungoma kwa binamu yangu Ubaid, ambaye alikuwa na duka kama langu, kubwa kidogo, na kiburi kikubwa zaidi. Nikamweleza: mama wa kijijini, hasomi Kiingereza, anapenda kuanguka, anajua shule kutoka upande wa jikoni.

"Hiyo rahisi," Ubaid akasema, akanipa kava iliyo na wasichana wanne wanakunywa chai. "Hii kila mtu anasema ndiyo ya kuchekesha kushinda zote."

"Weka, tuzime sauti."

"Kuzima sauti kwa nini? Utamu ni vile wanajibizana!"

"Ubaid. Zima."

Akazima. Wasichana wanne wakanywa chai. Mdomo ukafunguka, mdomo ukafungwa. Mmoja akaweka kikombe chini. Tulikaa dakika tano nzima, wanaume wawili wazima, tukiangalia watu wakinywa chai.

"Hakuna mtu ameanguka," nikasema.

"Ngoja, huyo mwenye miwani..."

"Huyo mwenye miwani ameongeza sukari."

"Wewe ni mtu mgumu, Salman. Basi niambie unataka nini."

"Nataka kitu hata kuku akiangalia anaelewa."

Alikasirika, lakini akaingia nyuma na akatoka na mbili. Moja ilikuwa ya mwalimu mkuu ambaye anataka kukata utepe, kufungua tangi jipya la maji la shule. Kila siku wageni wamekuja, viti vimepangwa, bendi ya shule iko tayari, anainua mkasi, na kitu kinatokea. Mbuzi anapita na utepe. Jukwaa linazama. Mpiga tarumbeta anapiga chafya. Ya pili ilikuwa ya mama mpishi wa shule na wanafunzi ambao kazi yao ni kujaribu kuiba mkate. Tulizima sauti. Ubaid mwenyewe, na kiburi chake chote, alitoa kitambaa akapangusa macho.

"Chukua," akasema. "Na umwambie huyo mama zimetoka Bungoma, si Kitale."

Ile ya tangi la maji ndiyo ilimshika. Mama alimwambia Nekoye kwamba amefanya kazi chini ya walimu wakuu saba, na huyo ni yule wa tatu kabisa. Hakueleza. Sasa kila asubuhi hakuwa anauliza mambo ya nguo. Alikuwa anauliza kama huyo mtu amekata utepe. Kwa kliniki, Jumanne ya tatu, daktari alisema mfupa unashika vizuri, lakini bado sana.

Mambo yangeenda hivyo mpaka mwisho kama si mimi.

Jumapili moja alasiri deki yao ya CD ikaanza kukwama, picha inarukaruka. Nekoye akanipigia, nikaenda na dawa ya kusafisha lensi. Mama Wepukhulu alikuwa ameketi kwa kiti cha Mukhisa, mguu wa plasta juu ya stuli, kitambaa cha kichwa kimefungwa vizuri. Mama mnene wa wastani, macho makali, mikono ya mtu aliyesonga ugali wa watoto mia nne.

"Wewe ndiye wa katuni?" akaniuliza.

"Ni mimi, mama. Mguu unaendeleaje?"

"Mguu uko. Mimi nilianguka vizuri kushinda hata hao wako, lakini hakukuwa na mtu wa kuona. Tengeneza hiyo kitu ukae, leo mwarimu mkuu ameleta mkasi mbili."

Nikasafisha, nikaweka, nikakaa. Na kweli alikuwa na mikasi miwili, mmoja wa akiba. Wa kwanza ukachukuliwa na ndege. Akacheka huyo mwalimu mkuu, akatoa wa pili mfukoni, na suruali yake ikashuka nao. Akaruka nyuma kwa aibu, akaingia kwa tangi, bendi yote ikaingia nyuma yake, mmoja mmoja, wakipiga bado.

Mama alicheka mpaka kitambaa kikatoka kichwani, kikaanguka chini. Alikuwa anapiga kiti na ngumi. Na mimi, kwa furaha yangu, nikasikia kicheko kingine. Kilikuwa kinatoka nyuma ya pazia la mlango wa chumba, kidogo, kimebanwa, kama mtu ameuma mto.

Nimeishi na Wabukusu tangu nizaliwe. Hiyo heshima naijua kama najua njia ya kwenda msikitini. Lakini mtu akiwa anacheka, akili inatoka kwa kiti yake. Niliruka, nikafungua pazia, nikashika mkono wa Mukhisa.

"Wewe! Unajificha nini kwa nyumba yako? Njoo uone bana!"

Na nikamvuta mpaka katikati ya sebule.

Mama Wepukhulu, kichwa wazi, mguu nje, mdomo bado umefunguka, na mbele yake amesimama mkwe wake na soksi. Mukhisa akageuka akatazama ukuta. Mama akatafuta kitambaa, hakukiona, akavuta vile vitambaa vya kufuma vya kufunika kiti, vyote vitatu, akajifunika kichwa, uso na mabega. Nikamsukuma Mukhisa nyuma ya pazia. Kwa televisheni, bendi ilikuwa bado inazama.

"Nekoye," mama akasema kutoka ndani ya vitambaa, sauti chini kabisa. "Zima hiyo. Halafu pigia kaka yako Wepukhulu simu. Mwambie kesho aje na pikapu."

Nyumbani, mke wangu Fardosa alinisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kuchambua mchele.

"Yaani ulimvuta mkono?"

"Nilimvuta."

"Mpaka mbele yake?"

"Fardosa, nilikuwa nacheka."

"Baba Sharifo, kesho asubuhi unaenda kwa huyo mama kabla pikapu haijafika. Na ukienda uache utani nyumbani, mimi nitakuwekea."

Sikulala vizuri. Nilikuwa naona huo mguu kwa barabara ya Kabuchai, unarushwa juu ya kila shimo, na mfupa ambao wiki tatu unajaribu kushikana. Kwa sababu ya mdomo wangu na mkono wangu.

Saa nne asubuhi nilikuwa huko. Mifuko miwili ilikuwa imepangwa mlangoni. Mukhisa alikuwa kazini. Mama alikuwa amevaa nguo ya safari.

"Mama, nimekuja kuomba msamaha."

"Keti."

Nikakaa.

"Ulifanya vibaya," akasema.

"Sana."

"Lakini si wewe unanirudisha nyumbani."

"Ni nani basi?"

"Unajua huyo kijana anakula wapi?"

"Jikoni."

"Juu ya nini?"

"Sijui, mama."

"Juu ya mtungi wa maji. Mimi nasikia. Mtu na familia yake, ametoka kupima magunia ya watu, anaketi juu ya mtungi kama mtoto ametolewa darasani. Na mimi niko kwa kiti yake, na televisheni yake, nacheka. Nilijua ni vibaya, lakini nilikuwa sijamuona. Jana nilimuona. Amekonda."

"Ulimuona saa ngapi? Si ulikuwa umejifunika?"

"Hizo vitambaa ziko na matundu, Salman."

Nilitaka kucheka. Nikakumbuka Fardosa, nikameza.

"Kwa hivyo nikisema naenda, si hasira," akaendelea. "Ni aibu. Mgeni hawezi tupa mwenye nyumba nje wiki sita. Hata mguu ukatike."

Hapo ndipo nikaelewa kwamba tangu mwanzo sote tulikuwa tunatibu kitu kingine. Sisi tulifikiria mama anachoka kukaa. Kumbe kila akisikia sahani jikoni, alikuwa anahesabu dhambi.

"Mama, na kama angekuwa na nafasi yake hapa ndani? Hakuoni, wewe humuoni. Kila mtu kwake."

"Hapa wapi? Hii sebule ni ya mbuzi mbili."

"Tuigawe. Pazia katikati, kutoka ukuta huu mpaka ule. Televisheni iwe hapo mwisho, pazia liishie karibu na kioo chake. Wewe uangalie kutoka huku, yeye kutoka huko."

Mama akaangalia ukuta, akaangalia televisheni, kama anayepima sufuria itatosha watoto wangapi.

"Pazia gani?"

Nekoye akaleta leso. Mama akaishika kwa dirisha. "Hii mwangaza unapita. Nitaona kivuli yake ikikula." Akaleta shuka. Hivyo hivyo. Akaleta blanketi, mama akasema hiyo ni yake ya kulala na Kitale ni baridi. Mwishowe Nekoye akasema, "Kuna turubai ya Mukhisa."

Ilikuwa ile ya kijani, nzito, ya kuanikia mahindi. Mama akaipiga na mkono, ikatoa vumbi na harufu ya msimu uliopita.

"Hii ni ukuta," akasema. "Weka tuone. Lakini pikapu inakuja saa kumi na moja, na mifuko isitolewe hapo."

Nikafunga duka siku hiyo. Nilipiga misumari, nikavuta waya, nikatundika turubai. Nilisukuma meza ya televisheni mpaka mwisho. Sebule ikawa kama kituo cha kupigia kura. Mukhisa alipotoka kazini saa kumi, nilimpitisha mlango wa nyuma, nikamwonyesha upande wake: kile kiti chake, stuli moja, na turubai. Alisimama tu akiangalia hicho kiti.

"Kaa," nikanong'ona.

"Mama amesema nikae?"

"Amesema."

Akakaa kwa ncha, kama mtu anangoja kuitwa kwa intavyuu.

Nikaweka ile ya mama mpishi na wezi wa mkate, ambayo hawakuwa wameiona. Mimi nikakaa kando ya televisheni, nimeipa mgongo. Sikuhitaji kuiona, naijua yote. Kutoka hapo nilikuwa naona pande zote mbili, na nilikuwa mtu wa pekee ndani ya hiyo nyumba anayeweza.

Mwanzoni hakuna aliyecheka. Mwanafunzi wa kwanza alikwama kwa dirisha la jikoni, miguu inapiga hewa. Mukhisa akaweka mkono mdomoni. Upande wa pili, mama naye akaweka mkono mdomoni, wakati huo huo, mkono ule ule wa kulia. Mpishi akatoka na mwiko mkubwa. Mama akatingisha kichwa.

"Mwiko haishikwi hivyo," akasema, akisahau. "Atavunja mkono wake mwenyewe."

Na mpishi akapiga, akakosa, mwiko ukagonga sufuria, sufuria ikabiringika, ikachukua mwalimu wa zamu, kiranja na foleni yote ya chakula, mpaka nje kwa uwanja wa mpira, ikaingia golini. Refa akapiga filimbi.

Turubai ilitingishika. Mukhisa alikuwa amelala kwa kiti, machozi yanatoka. Mama alikuwa anapiga goti lake zima. Walicheka kwa pamoja, na waliposikiana wakanyamaza kwa pamoja, kama watoto mwalimu ameingia.

Nekoye alikuwa ameenda kusaga mahindi. Hakukuwa na mtu wa kupitisha maneno. Picha ikaendelea, lakini nilimwona mama hayuko nayo. Alikuwa anataka kitu. Akakohoa.

"Turubai," akasema.

Mimi na Mukhisa tukaangaliana.

"Turubai, mwambie huyo mtu wa huko arudishe nyuma kidogo. Pale sufuria imeingia goli. Sikuona vizuri, nilikuwa nimefunga macho."

Mukhisa akasimama, akaketi, akasimama tena.

"Turubai," akasema, kwa ile sauti yake ya kuogopa kuamsha mtoto, "mwambie mama nimesikia. Lakini rimoti iko upande wake."

Mama akatafuta. Ilikuwa chini ya mto. Akaichukua, akaiweka sakafuni, akaisukuma na gongo lake la kutembelea mpaka chini ya turubai. Upande wa pili mkono ukatokea, ukaichukua.

"Turubai, mwambie asante."

"Mwambie kazi yake ni kukaa. Asimame-simame nini? Kiti ni yake."

Wakaangalia sufuria ikiingia goli mara nne.

Walikuwa kwa mara ya tano wakati pikapu ilipiga honi nje. Wepukhulu, kaka yake Nekoye, kijana mpana wa miwa, akaingia na matope mpaka magotini, akaona mifuko, akaona turubai, akaniona mimi na nyundo.

"Mama, twende. Mvua inakuja, barabara itaharibika."

Nilikuwa nimeshika nyundo kwa nguvu bila kujua.

Mama hakugeuka kutoka kwa televisheni. "Umekula?" akamuuliza.

"Bado."

"Basi kaa. Si hapa, hapa ni kwangu. Pita nyuma, ukae na shemeji yako. Ukimaliza kula urudi nyumbani, umwambie jirani aendelee kukamua ng'ombe wangu mpaka huyu daktari aniambie nitoke. Na huo mfuko mdogo urudi nao, una sweta yako nilikuwa nimemaliza kufuma."

"Na huu mkubwa?"

"Huo ni nguo zangu. Unataka nikae hapa wiki tatu bila nguo?"

Wepukhulu akapita nyuma. Nilisikia akivuta stuli upande ule, akiuliza huyo mpishi ni nani, na Mukhisa akimnyamazisha. Nikageuka kidogo tu, nione. Mukhisa alikuwa ameegemea mpaka nyuma ya kiti, mabega yote mawili. Akainama, akafungua viatu vyake vya kazi, kimoja, kingine, akavisukuma chini ya kiti, na akanyosha miguu.